Tuisheni ya insha kwa Bi Mwalimu, Mpendae: nimeridhika, na haya ndo niloyaona

Wazazi wengi wananiuliza nimempeleka wapi mtoto mpaka sa hivi anaandika insha ndefu bila ya kusukumwa, basi nnaeleza yote hapa mara moja. Ni kwa bibi mmoja Mpendae, hapa Unguja mjini, mwalimu mstaafu, anasahihisha insha za watoto wa skuli za msingi, na hasa zile ambazo mtoto anasimulia jambo lilomkuta mwenyewe, "Siku nisiyoisahau", "Safari yangu", "Likizo yangu" na kadhalika. Nimeridhika naye sana. Ana kasoro zake na ntazisema, lakini kwa hili la kusoma kazi ya mtoto na kumwambia kitu cha kumfaa sijaona mfano wake hapa mjini.

Usitegemee kukuta darasa. Hakuna ubao wala madawati, ni baraza ya nyumba yake, limetandikwa busati, na kimeza kifupi cha mbao kina penseli, ufutio na kamusi la BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) ambalo limeshachakaa pembe kwa kushikwa na watoto. Kasomesha skuli za serikali mpaka kastaafu, mtaa mzima wanamwita Bi Mwalimu na mimi ntamwita hivo hivo maana hapendi jina lake litembee. Bei ni shilingi 3,000 kwa insha moja, na hiyo 3,000 ni pamoja na mtoto kwenda kuandika upya na kurudi tena kusomwa, halipi mara ya pili. Ukitaka mwezi mzima ni 20,000. Kuna tuisheni rahisi zaidi, lakini ukiangalia muda anaokaa na mtoto mmoja utaona ni bei ya haki.

Binti yangu yuko darasa la tano. Kabla ya hapa alikuwa anakwenda kituo kimoja cha tuisheni, sikitaji jina, na sisemi wale walimu hawajui kusomesha, hesabu alifaidika nazo. Lakini insha, jamani. Daftari lilikuwa linarudi jekundu tupu. Kila neno limekatwa, pembeni kumeandikwa "hati mbaya", chini 9/20 na neno moja tu, "Jitahidi". Sasa mtoto ajitahidi nini? Ajitahidi hati, ajitahidi nukta, ajitahidi kisa chenyewe, au ajitahidi kuwa na safari nzuri zaidi ya ile aloisimulia? Hakuna alomwambia. Na mimi nikaona insha zake zinapungua, kutoka ukurasa mzima mpaka nusu ukurasa, kutoka nusu mpaka mistari saba, nkamuuliza mbona siku hizi unaandika kidogo hivi, kanambia "Mama, ukiandika kidogo unakosa kidogo." Hapo ndo nliposema huyu mtoto nnamtoa.

Na nisiwaonee walimu wa skuli katika hili. Darasa limejaa, mkondo wa asubuhi unatoka wa mchana unaingia, mwalimu ana rundo la madaftari la kufika kidevuni, atakaa na insha ya mtoto mmoja saa ngapi? Anapita na kalamu, vema, kosa, vema, kosa, anaweka maksi anafunga. Nnamfahamu kabisa. Lakini kituo cha tuisheni kinachukua pesa kwa kuwa kinasema kitampa mtoto kile ambacho skuli haina nafasi ya kumpa, sasa na wao wakifanya yale yale tunalipia nini.

Siku ya mwanzo nilikaa pale pale barazani nikasikiliza, na nawaeleza nliyoyaona kwa sababu ndo yatakayomsaidia mzazi kujua kama huduma hii inamfaa.

Insha alokwenda nayo ilikuwa ya likizo ya Disemba, tulivokwenda Pemba kwa bibi yake, Mtambile, wakati wa karafuu. Ilianza hivi: "Ilikuwa ni siku ya Jumamosi asubuhi na mapema ambapo jua lilikuwa linachomoza na ndege walikuwa wanaimba kwa furaha. Mimi na mama yangu na kaka yangu tuliamka tukaoga tukapiga mswaki tukanywa chai tukavaa nguo nzuri tukapanda gari tukaenda bandarini Malindi." Ikaendelea na tiketi, na foleni, na boti, na nani kakaa dirishani, na nani katapika, ukurasa mzima umekwisha bado hatujafika Mkoani, bandari ya Pemba. Halafu mwisho kabisa, kwa haraka: "Tulipo fika tulimkuta bibi. Kulikuwa na karafuu nyingi. Mvua ilinyesha karafuu zikaroa. Bibi alilia. Tulirudi salama. Ama kweli safari ni hatua."

Bi Mwalimu hakuchukua penseli. Kamwambia nisomee wewe, mimi nimekaa nasikiliza. Mtoto kasoma mpaka mwisho, yule bibi kamtazama hivi, kisha kasema, "Karafuu ziliroa zote?" Basi. Hakusema hati, hakusema nukta, kauliza karafuu. Na mtoto, ambaye kule kwengine alikuwa anakabidhi daftari na kuangalia chini, kaanza kueleza, hapana Bibi si zote, zilikuwa majamvi mengi, ya uani tuliyawahi lakini la karibu na njia lilikuwa zito, tukalivuta mimi na bibi, nyengine zikamwagika, maneno yanamtoka hata hayapangi. Bi Mwalimu anasikiliza tu na kuuliza kidogo kidogo, ulishika wapi, bibi alisema nini, miguuni ulikuwa umevaa nini, ulisikia harufu gani. Alipomaliza ndo kachukua penseli kapiga mstari chini ya yale maneno mawili, "Bibi alilia", na pembeni kaandika kwa hati nzuri ya walimu wa zamani: "Hapa ndipo nilipotaka kukaa nawe zaidi. Nipeleke pale uani, nione."

Halafu kafanya jambo ambalo mimi nimelichukua na nalifanya nyumbani mpaka leo. Kamwambia mtoto ahesabu mistari ya kufika Pemba na mistari ya mvua, mtoto kahesabu mwenyewe kaona, na akaulizwa ni ipi kati ya hizo ndo siku usiyoisahau. Hakumwambia "utangulizi wako mrefu". Mtoto kasema mvua. Basi anza karibu na mvua, kamwambia, boti tumeshaijua. Na wale ndege wanaoimba kamuuliza kwa upole kabisa kama siku ile aliwasikia kweli, mtoto kasema hapana, hii tumefundishwa tuanzie. Kamwambia mwandishi anaandika alichokisikia yeye, ulisikia nini asubuhi ile? Kasema nlisikia watu wanachambua karafuu na redio ya mjomba. Kaandika hiyo.

Mtu asojua karafuu pengine hataona kwa nini mvua ile ni kisa. Karafuu ikishachumwa inachambuliwa usiku ule ule, inatolewa makonyo (vile vijiti vyake), kesho yake inaanikwa juani kwenye majamvi, na inataka jua la siku nne tano mpaka ikauke vizuri iwe ya kahawia. Ikiroa katikati inafanya ukungu, inapoteza rangi, na ukiipeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inapimwa daraja la chini na bei inashuka. Kwa mtu kama mama mkwe wangu pale kuna ada za skuli, kuna bati la nyumba, kuna deni la duka. Mvua ya robo saa inachukua kazi ya wachumaji wa wiki nzima. Mtoto wa miaka kumi aliyaona hayo yote kwa macho yake akayaweka katika maneno mawili, na kule alikotoka maneno hayo mawili yangepewa vema, kwa sababu hayana kosa la sarufi.

Insha ya pili alokwenda nayo, nnanakili kipande kama kilivo:

"Mvua ilikuja bila kupiga hodi. Bibi akasema majamvi majamvi, watu wote wakakimbia. Mimi nilishika pembe ya jamvi la karibu na njia na bibi akashika pembe nyengine. Lilikuwa zito kwa maji. Karafuu zikaanza kumwagika miguuni kwangu, nikawa naziokota, na zilinuka kuliko siku zote. Bibi akasema usiokote moja moja, vuta jamvi! Sijawahi kumsikia bibi akisema kwa sauti kubwa. Tulipoingia ukumbini alijifuta uso kwa kanga akasema hii ni mvua. Lakini mvua ilikuwa nje."

Mimi niliposoma hiyo "Lakini mvua ilikuwa nje" nilinyamaza, maana nilikuwepo pale Mtambile siku ile na hilo sikuliona, nilikuwa na mizigo. Kaliona yeye. Na hakuna mtu alomwandikia sentensi ile, Bi Mwalimu hagusi sentensi ya mtoto, hamwandikii badala yake, hata akiona neno zuri zaidi analo mwenyewe hamtilii. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu kuna tuisheni mtoto anarudi na insha nzuri sana lakini ukisoma unaona hii ni insha ya mwalimu, ina "majira ya alasiri" na "nderemo na vifijo" ambavyo mtoto mwenyewe ukimuuliza hajui ni nini.

Kuhusu makosa ya uandishi, maana najua wazazi wengi hapo ndo roho zao zilipo. Hayaachi. Lakini hayashughulikii yote siku moja. Insha ile ya mwanzo ilikuwa na kila aina, maneno yametenganishwa, "tulipo fika", "ana vuta", herufi kubwa katikati ya sentensi, "alafu" badala ya "halafu", na nukta zinapatikana kwa bahati. Bi Mwalimu kachagua moja, nukta. Kamwambia soma kwa sauti, pale unapopumua na jambo limekwisha, tia nukta. Mengine kayaacha mpaka kisa kikae sawa, ndo ikaja siku anayoiita siku ya kusafisha. Siku hiyo hakati neno. Anatia kitone cha penseli pembeni ya mstari wenye kosa, kitone kimoja kosa moja, na mtoto anatafuta mwenyewe ni lipi, akikwama anafungua kamusi. Binti yangu kapata mengi bila kuambiwa. Na makosa aliyoyapata mwenyewe hayarudii, yale yaliyokuwa yakikatwa kwa wino mwekundu alikuwa anayarudia kila wiki kwa sababu hakuwa akiyasoma, nani anapenda kusoma ukurasa uliokatwakatwa.

Jambo jengine ni maneno ya nyumbani. Bibi yake mtoto ni Mpemba na anasema Kipemba chake, mtoto kayaandika maneno ya bibi kama alivoyasikia. Kule kituoni walikuwa wakikata, wanasema si sanifu. Bi Mwalimu kaona yamo ndani ya alama za mtu anayesema, kayaacha, kasema huyu ndo bibi yako, ukimbadilisha maneno atakuwa bibi wa mtu mwengine. Pale mtoto anaposimulia mwenyewe anamtaka aandike kama skuli inavotaka, anamwonesha tofauti. Mimi nimefurahi sana kwa hili. Kiunguja ndo kilichukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa 1930, tena leo mtoto wa visiwani anarudi kutoka tuisheni anaona haya na maneno ya bibi yake! Haifai kabisa, na mwalimu anaelinda hilo anastahili kushukuriwa.

Sasa nije kwenye lile ambalo lilinitia wasiwasi mwanzo, na naona wazazi wa huku kwetu watalifikiria pia. Hizi insha za mtu kujisimulia zinatoa mambo ya ndani. Mtoto anaandika bibi kalia, mwengine ataandika baba na mama walivogombana, mwengine ataandika chakula kilivokosekana, na sisi ni watu wa sitara, mambo ya nyumba hayatoki nje. Nlimuuliza Bi Mwalimu waziwazi, na yeye hakulichukulia juu juu. Kasema mtoto ana haki ya kuandika alichokiona, na mtu alieandikwa ana haki ya kuulizwa. Kwa hiyo kabla insha haijasomwa mbele ya watoto wengine pale barazani, mtoto anaulizwa, huyu ulomwandika angekuwa amekaa hapa ungemsomea? Akisita, insha inabaki baina yao wawili na daftari linarudi nyumbani. Binti yangu kambiwa ampigie simu bibi yake. Kapiga, kamsomea kile kipande, mama mkwe kacheka, kasema andika mwanangu, lakini ukiandika nililia andika na kwamba zile zilizoroa tulizianika tena na tukaziuza, hata kama kwa bei ya chini. Mtoto kaongeza. Insha imepata mwisho wake pale, ile "Ama kweli safari ni hatua" ikatoka yenyewe, maana Bi Mwalimu alishamuuliza methali hii inatwambia nini juu ya bibi yako na mtoto hakuwa na jibu.

Na kama mtoto kaandika jambo zito kweli, la kuumizwa au kuogopa mtu, kanambia hapo haangalii insha tena, anamwita mzazi faragha. Nikatulia.

Hatoi maksi. Hili linawakera watu, siku moja alikuja baba mmoja pale na daftari la mwanawe mkononi, anauliza bi mkubwa huyu kapata ngapi, kamjibu soma nilichomwandikia, yule baba kasoma na bado anauliza ngapi. Mimi mwenyewe nilitaka kujua kwa nini, nkamuuliza wifi yangu anaesomea ualimu SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), kanambia si jambo geni, kuna mtafiti anaitwa Ruth Butler alitoa utafiti 1988, aliwafanyia watoto wa darasa la tano na la sita huko Israel, wengine wakapewa maksi tu, wengine maoni tu, wengine maksi pamoja na maoni. Waliopewa maoni tu ndo walioendelea na wakabaki na hamu ya kazi. Waliopewa vyote viwili hawakuwazidi waliopewa maksi tupu, kwa sababu mtoto akishaona namba anaangalia namba, na mwenzake kapata ngapi, yale maoni hayasomi. Nimelishuhudia nyumbani kwangu. Kwenye daftari la zamani binti yangu alikuwa anafungua mwisho, anaona 9, anafunga. La sasa analisoma mstari kwa mstari, na kuna pahala kamjibu Bi Mwalimu kwa penseli yake, "Nilivaa kandambili za kaka."

Lakini naeleza pia upande wa pili, maana mwaka wa mtihani ni mwaka wa mtihani. Kama unataka mtoto anolewe kwa mitihani ya Baraza la Mitihani la Zanzibar, maswali ya miaka ya nyuma, mbinu za kumaliza kwa muda, huyu siye. Anafundisha kuandika. Naamini mtoto anaejua kuandika atafanya vizuri na kwenye mtihani, lakini mazoezi ya saa ukutani utayatafuta kwengine au utayafanya mwenyewe nyumbani.

Hawa wengine walokuwepo barazani nao nliwatazama. Kulikuwa na kijana mdogo wa darasa la nne kaandika sikukuu ya Idi, insha yake yote ni orodha, nlipewa mkono wa Idi nikaenda Maisara nikapanda bembea nikanunua aiskrimu nikala mishkaki nikanunua bastola ya maji nikanywa soda, imejaa mpaka chini. Bi Mwalimu kamsifu kwa kukumbuka vyote hivo, kisha kamwambia chagua kimoja tu ambacho ukilala usiku unakiona. Yule mtoto kafikiri sana, kasema ndara, nlipoteza ndara moja kwenye bembea nikarudi nyumbani na moja. Haimo kabisa kwenye insha! Kamwambia hiyo ndo insha yako, kaiandike. Sikuiona ya pili lakini nataka sana kujua mama yake alisema nini.

Kasoro sasa. Ya kwanza ni kusubiri. Anachukua watoto wachache kwa siku na hataki kuongeza, ukikosa nafasi unasubiri wiki nyengine, na insha moja kuanzia mwanzo mpaka siku ya kusafisha inaweza kuchukua wiki tatu hivi. Mzazi wa haraka hataweza. Ya pili ni baraza yenyewe, wakati wa kaskazi pana joto, feni iko ndani, na barabara iko karibu, bodaboda zikipita mtoto anaesoma kwa sauti inabidi anyamaze asubiri. Mvua ikinyesha wanahamia ukumbini na nafasi hakuna. Ya tatu, mzazi hana pa kukaa, mimi nilipata kigoda kwa kuwa nilikuwa mgeni, sa hivi namwacha mtoto nakwenda Mwanakwerekwe sokoni namrudia. Ya nne, hasomi insha za Kiingereza kabisa, kwa hiyo wenye watoto skuli za praiveti wajue mapema.

Ana na huduma ya wasap kwa watoto wa mbali, na hii siisifu kama ile ya barazani. Shemeji yangu wa Wete anaitumia kwa mwanawe, anapiga picha daftari anatuma, Bi Mwalimu anarudisha voisi. Voisi zenyewe nzuri, anaanza na kile kilichomgusa, anauliza maswali yake mawili, anasema jambo moja la kurekebisha. Lakini picha nyengine hazisomeki, hati ya penseli inapotea, mtandao ukiwa mbaya inakaa siku nzima, na mtoto hana ile nafasi ya kujibu pale pale macho kwa macho ambayo kwa maoni yangu ndo nusu ya kazi yote. Kwa huduma hii anachukua 2,000. Mkiwa Pemba na hamna mtu mwengine, itumieni, lakini mtoto aandike kwa kalamu ya wino na picha ipigwe mchana karibu na mlango.

Mzazi naye anapewa kazi. Siku ya mwanzo kanieleza kwamba mtoto akirudi na insha nyumbani nisimkatishe anaposoma, hata nikisikia kosa, nimsikilize mpaka mwisho halafu nimwambie kitu kimoja nilichokiona kichwani wakati anasoma, kitu cha kweli si "nzuri mwanangu", kwa sababu neno nzuri halimwambii kafanya nini ili kesho akifanye tena. Halafu nimuulize swali moja ambalo kweli sijui jibu lake. Basi, makosa nimwachie yeye. Si rahisi, ulimi unawasha, lakini baba yake sa hivi anaweza kuliko mimi, wanakaa baada ya isha na daftari, namsikia anamuuliza "ehe, na mjomba alikuwa wapi muda wote huo?" na mtoto anakimbilia penseli.

Sa hivi ana insha ya mdogo wake alivomeza sarafu tukapelekana hospitali usiku, imeshafika kurasa mbili na yeye mwenyewe ndo anaikata, kanambia ile ya kutafuta teksi anaitoa kwa sababu haijafika kwenye kisa. Mtoto aloniambia ukiandika kidogo unakosa kidogo.

Kwa anaetaka kwenda: anapokea Jumamosi na Jumapili asubuhi, na siku za wiki baada ya alasiri kwa wale ambao chuoni (madrasa) wanatoka mapema. Ijumaa hapokei, na Ramadhani anafunga tuisheni mwezi mzima, kwa hiyo kama mnataka kabla ya hapo nendeni mkaweke jina sasa. Daftari liwe jipya na mtoto aandike upande mmoja tu wa karatasi, ule wa pili unabaki kwa kuandika upya. Mpelekee insha aloiandika mtoto mwenyewe bila ya kusaidiwa, akiona mkono wa mtu mzima anaijua na anairudisha. Kuanzia darasa la tatu anapokea. La kwanza na la pili hapokei, hao anamwambia mzazi arudi nao nyumbani, mtoto asimulie kwa mdomo na mzazi ndo aandike.